Vitufe Vitatu Chini

Kabla ya wimbo wowote, Chiriku alikuwa akitoa sauti moja ndefu ya kifuani, na mumewe akikaza au kulegeza uzi mwembamba wa gitaa mpaka ulingane nayo. Nyuzi nyingine zilifuata ule mmoja. Hawakuwahi kuwa na kipimo cha aina yoyote, na Chiriku alijisifia jambo hilo mbele ya kila aliyekuwa tayari kumsikiliza, na hata ambaye hakuwa tayari.

"Gitaa letu linaanzia kooni mwangu," alikuwa akisema. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyembishia, mumewe ndiyo kabisa.

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake mzaa mama, kwa sababu utotoni hakunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Akakua, akaolewa, akazaa watoto watatu, akawa fundi cherehani wa kuheshimika, na jina likamganda. Mumewe ni seremala na watu humwita Seremala tu. Chiriku naye humwita hivyo akiwa amekasirika. Akiwa mtulivu humwita baba watoto. Wote wawili hufanya kazi katika chumba kimoja. Mbele, penye mwanga wa barabarani, kuna cherehani na meza ya kukatia. Nyuma ya pazia lisilofika chini kuna benchi la Seremala, randa, misumeno, na vumbi la mbao ambalo Chiriku amepigana nalo tangu waoane bila kulishinda hata siku moja. Akiletewa kitambaa cheupe, hakifungui kabla ya kufagia mara mbili na kumwambia mwenzake asikohoe.

Kuimba kulianzia humo humo. Walikuwa na miezi minne ya ndoa. Chiriku alikuwa akipinda ncha za mapazia huku akiimba wimbo wa kupalilia aliofundishwa na bibi yake, pini zikiwa mdomoni, mara akasikia sauti ya kiume ikitokea nyuma ya pazia, chini ya sauti yake, ikikaa pale kama mguu ndani ya kiatu chake. Alisimamisha cherehani.

"Umejifunzia wapi hiyo?"

"Sijajifunza," Seremala alijibu. "Niliona kuna nafasi, nikaingia."

Baadaye akaunda gitaa kwa mabaki ya mbao za kabati la mteja, wakaanza kuitwa kwenye sherehe. Harusi, kuagana na mkuu wa shule anayestaafu, kufungua duka, wao walikuwapo, viti viwili na gitaa moja. Waliimba nyimbo za zamani za kazi, za kupalilia, za kutwanga, za kubembeleza watoto. Seremala alizitilia gitaa, naye Chiriku akaongeza beti pale alipoona wahenga walichoka mapema. Watu wakawapa jina la Mtu na Mkewe.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta mrefu, kuna shule ya msingi. Kengele yake ni rimu ya gurudumu la lori inayogongwa kwa chuma, na mtu aliyetengeneza mbao za kuitundikia alikuwa Seremala mwenyewe. Katika miaka ile ya mwanzo, mlio wa rimu ulikuwa sawasawa na sauti inayofungua wimbo wa kupalilia. Asubuhi mlinzi akigonga, Chiriku anaidaka sauti ikiwa bado hewani na wimbo unaanza, mumewe anaingia kwa chini, wapita njia wanatabasamu. Halafu, yapata miaka saba iliyopita, kengele ikaanza kumkera. Kila akiidaka, kitu kilikuwa kinakwaruza.

"Baba watoto," alisema asubuhi moja, "hawa watu wamebadilisha kengele."

Randa ilinyamaza kidogo nyuma ya pazia. "Naona wamebadilisha."

"Ile ya zamani ilikuwa tamu. Hii inapiga kelele kama sufuria."

"Labda iliibiwa," Seremala alisema, na randa ikaendelea.

Tangu hapo Chiriku aliacha kuijibu kengele, na jambo lenyewe akalisahau.

Lililomkosesha raha lilikuwa jingine. Masikio ya mumewe yalikuwa yanakwisha. Ushahidi alikuwa nao, tena wa kutosha. Kwanza, nyuzi za gitaa zilikuwa zinatetema vibaya, legelege, kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa, na Seremala alionekana hasikii. Pili, ukimwambia jambo alikuwa anauliza "Nini?" mara mbili, hasa jambo lenyewe likiwa ni vumbi. Wanawake wengine wangesema huyo anajitia hamnazo kama waume wote, lakini Chiriku hakutaka kujifariji. Tatu, na hili ndilo lililomuuma, sauti ya mumewe ilikuwa inaishiwa. Kwenye mwisho wa kila mstari, pale inapobidi ateremke mpaka chini kabisa, palikuwa hapatoki sauti tena bali pumzi tupu. Miaka thelathini ya misumeno na nyundo, Chiriku alijiambia, imeanza na masikio, sasa imefika kooni.

Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku alipoingizwa chumba cha upasuaji kujifungua. Wao wawili waliweza kugombana na kununiana siku tatu, lakini saa kumi na moja jioni, kazi ikifungwa, walikaa na kuimba kama kawaida, na wakifika ubeti wa pili ugomvi ulikuwa hauna pa kukaa. Hawakuwa na njia nyingine ya kupatana. Mmoja akishindwa kuimba wote wawili wameshindwa, na Chiriku hakujua baada ya hapo wangekuwa watu wa namna gani.

Basi akaanza kumsaidia bila kumwambia. Alihamisha kiti akae upande wa sikio la kulia, aliloamua kuwa ndilo zima. Aliimba kwa nguvu zaidi. Alimkanyaga mguu kidogo wakati wa kuanza. Na binti yao wa mwisho, ambaye ni nesi, alipokuja kuwasalimia, alimwomba amwangalie baba yake masikio, eti kwa sababu ya vumbi. Seremala alikaa kwenye kigoda akainamisha kichwa kwa subira kubwa.

"Mama, baba anasikia kuliko mimi," binti alisema. "Ana nta kidogo tu."

"Nyinyi mnapima kusikia maneno," Chiriku alimnong'oneza. "Mimi nazungumzia kusikia."

Mwezi uliofuata wakapata barua kutoka redioni. Miaka ishirini na miwili nyuma redio hiyo iliwarekodi wimbo mmoja, ule wa kupalilia. Sasa walitaka kuwarekodi nyimbo kumi na mbili za kuhifadhiwa katika maktaba yao, na huo wa kupalilia urekodiwe upya pamoja na kinanda. Wafike Alhamisi kujaribu, Jumatatu kurekodi. Baada ya wiki hiyo studio ingefungwa kwa matengenezo ya muda mrefu. Chiriku aliisoma barua mara tatu. Alichofikiria ni kimoja, kwamba sauti zao zinaswe pamoja mahali fulani kabla masikio ya mumewe hayajazimika kabisa. Akijaliwa hilo, mengine atayavumilia.

Alhamisi walivaa vizuri. Studio ilikuwa chumba kidogo chenye zulia mpaka ukutani, kinanda kikubwa kimoja, na dirisha la kioo ambalo nyuma yake alikaa fundi mitambo, kijana mwenye adabu. Mpiga kinanda alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, aliyewaambia kwamba ameusikiliza ule mkanda wao wa zamani wiki nzima na amejifunza wimbo humo.

"Mama, tupe sauti," alisema.

Chiriku akatoa sauti yake. Seremala akalinganisha uzi. Mpiga kinanda akaweka vidole, na ile sauti ya kwanza tu ikawafanya wote wakunje uso. Akajaribu tena. Kisha akagusa kitufe kimoja, akateremka kingine na kingine, akisikiliza gitaa.

"Gitaa limeshuka," alisema. "Mko vitufe vitatu chini ya mkanda."

Chiriku aliona kwamba siri imefichuka, na kwamba asiposema yeye, mumewe ataaibika zaidi. Ndivyo alivyofikiri, na kwa kweli alidhani anamtetea.

"Msimlaumu," alisema, akamwelekea na fundi mitambo kule nyuma ya kioo. "Mzee wangu masikio yake yamechoka. Ni kazi yake ya useremala. Hasikii vizuri siku hizi, ndiyo maana nyuzi zinalegea. Mvumilieni tu."

Mpiga kinanda aliangalia vidole vyake. Fundi mitambo akajifanya ana kazi ya kukunja waya. Seremala alimtazama mkewe, halafu akatazama gitaa.

"Ni kweli," alisema taratibu. "Ni masikio yangu. Nipeni sauti ya kinanda, nitakaza."

Akakaza nyuzi kwa kitufe alichopigiwa, upesi upesi, bila kukosea hata mmoja. Mpiga gitaa mwenzake yeyote angeshangaa jinsi mtu kiziwi anavyofanya kazi hiyo, lakini Chiriku alikuwa anawaza mengine. Kinanda kikaanza. Chiriku akavuta pumzi, akaingia.

Sauti haikufika. Ilipanda nusu ya njia ikapasuka, ikatoka kitu kama mlango wa bati. Akakohoa, akatoka kunywa maji, akaanza tena, ikapasuka pale pale. Mara ya tatu hakusimama, akaendelea kwa kulazimisha, na ndipo alipomsikia mumewe. Seremala alikuwa anaimba chini yake kwa sauti nzima, pana, isiyo na pumzi hata kidogo, ile ile ya nyuma ya pazia miaka ishirini na sita iliyopita. Mwisho wa mstari aliteremka mpaka chini na sauti ikabaki pale imesimama.

Chiriku akanyamaza.

"Labda tuwawekee mkanda wa zamani, tulinganishe," fundi mitambo alisema kwa upole. Akauweka. Mwanamke mmoja kijana aliimba wimbo wa kupalilia kule juu bila shida yoyote. Kinanda hakikuwa na kosa, wala gitaa, wala masikio ya mtu.

Walirudi nyumbani. Seremala alibeba gitaa, Chiriku mkoba, na katikati yao palikuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

Usiku Chiriku hakulala sana, lakini hilo si la kusimulia. Asubuhi alikuwa kwenye cherehani kabla ya saa mbili, akijifanya anashona. Kengele ya shule ikalia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba aliisikiliza. Aliisikiliza mpaka ikaisha, akazitoa pini mdomoni, akavuka barabara hivyo hivyo na tepu ya kupimia shingoni.

Mlinzi wa shule alikuwa amekaa kwenye kiti chake ndani ya geti. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto.

"Nataka kuiona kengele yenu," Chiriku alisema. "Ile mliyobadilisha."

"Kubadilisha?" Mlinzi alicheka. "Mama, ofisi hii haijabadilisha hata kufuli. Kengele ni hiyo hiyo niliyoikuta."

Rimu ilikuwa imening'inia kando ya ofisi, upande mmoja rangi ya bluu, upande mwingine kutu. Mbao zilizoibeba zilikuwa na alama ambayo Seremala huichoma kwenye kila kazi yake. Chiriku aliishika ile rimu kwa kiganja, ingawa haikuwa na la kumwambia tena. Alimshukuru mlinzi akarudi.

Seremala alikuwa anapiga randa mguu wa meza.

"Baba watoto."

"Naam."

"Kengele ni ile ile."

Randa ikasimama. "Ndiyo."

"Haikuibiwa."

"Nilisema labda."

Siku nyingine angecheka. Akavuta pazia mpaka mwisho, akakaa juu ya mbao bila kujali vumbi, na mtu anayemjua angeelewa kutokana na hilo peke yake jinsi alivyokuwa.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliponiambia wamebadilisha." Seremala alipangusa makali ya randa kwa kidole gumba. "Kengele ilikuwa mahali pake. Wewe ndiye ulikuwa umeshuka, kidogo sana. Mwaka uliofuata kidogo tena. Uzi ukilegea unatetema, nikawa nanunua nyuzi nene, lakini nazo zina mwisho wake."

"Na sauti yako? Ile pumzi?"

"Kule chini ulikonipeleka mimi sifiki, mama. Nilikuwa nakwangua tu."

"Miaka saba unakwangua, na hukusema."

"Ungefanyaje ningesema?"

Chiriku alijijua. Aliwahi kurudishiwa gauni moja kwa sababu ya mikono, na tangu siku ile hakushona tena mikono ya mshono ule, hata akiombwa kwa magoti. Alijua angefanya nini. Angeacha.

"Nimekuaibisha mbele ya watu," alisema, "na wewe ukaitikia."

"Wale watu siwajui."

"Mimi unanijua."

Seremala aliiweka randa chini. Chiriku alilia, si sana, kama mtu mwenye kazi inayomsubiri, akajifuta kwa ncha ya kitambaa cha mteja, halafu akakasirika kwamba amechafua kitambaa cha mteja. Uchungu ulikuwa wa aina mbili na hakuweza kuutenganisha. Mmoja ulikuwa wa sauti iliyokwenda zake bila kumuaga. Mwingine ulikuwa wa kupendwa kiasi kile na yeye kutwa kumpima mwenzake masikio.

"Yule mama wa kinanda anaweza kushuka vitufe vitatu," Seremala alisema. "Nilimuuliza wakati ulipokwenda kunywa maji. Anasema si shida. Tutarekodi kwa sauti yako."

"Wewe ubaki na pumzi?"

"Nimezoea."

"Mimi sijazoea, maana nilikuwa sijui." Akasimama, akalitoa gitaa ukutani, akampa. "Kaza. Mpaka kwenye kengele. Halafu uanze wewe."

"Wimbo ni wako."

"Wimbo ni wa bibi. Anza."

Seremala alikaza nyuzi bila kuomba sauti kwa mtu yeyote, akaanza wimbo wa kupalilia kutoka juu, kwa sauti yake mwenyewe. Chiriku alisubiri. Mara ya kwanza alijikuta amekimbilia kule kule alikozoea, akapasuka. Mara ya pili akamfuata mumewe neno kwa neno kama mtoto anayesomeshwa, wakawa watu wawili wanaoimba kitu kimoja. Hakuwahi maishani mwake kuimba wimbo ambao hakuuanza yeye. Akapiga meza kwa hasira na kusema hawezi, Jumatatu waende wakaombe radhi warudi.

Seremala hakuacha kupiga gitaa. "Nafasi ipo," alisema. "Ingia."

Walifanya kazi hiyo Ijumaa nzima, Jumamosi na Jumapili, na mteja wa mapazia aliambiwa arudi wiki ijayo.

Jumatatu, ndani ya kile chumba chenye zulia, Chiriku hakukaa kiti cha kulia wala cha kushoto mpaka alipomwomba fundi mitambo aiwashe mitambo kwanza, kwa sababu ana neno. Fundi akamwambia inarekodi. Chiriku akakisogelea kinasa sauti, tepu yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, alikuwa ameisahau.

"Wimbo huu ni wa kupalilia," alisema. "Nilifundishwa na bibi yangu, na miaka yote nimeuanza mimi. Leo anauanza mume wangu. Alhamisi nilisema humu ndani kwamba hasikii. Anasikia. Aliyeshuka ni mimi, na yeye alinifuata mpaka chini. Basi."

Mpiga kinanda aliinamia vitufe vyake.

"Mama," fundi mitambo alisema kutoka nyuma ya kioo, "sehemu hiyo tutaikata, au?"

"Ukiikata nakuja huko ndani," Chiriku alisema.

Haikukatwa. Imo katika maktaba ya redio mpaka leo, na atakayeusikiliza mkanda huo atasikia baada ya maneno hayo mwanamume akicheka kidogo na kukohoa, halafu uzi mwembamba, halafu wimbo.

Jumanne asubuhi Chiriku alikuwa kwenye cherehani, mapazia ya mteja mapajani, pini tano mdomoni. Saa mbili mlinzi akagonga rimu. Kabla mlio haujaisha, ukadakwa nyuma ya pazia kwa sauti ya kiume, pale pale ulipo, bila kukwaruza. Chiriku alitaka kuingia akashindwa kwa sababu ya pini. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifundo cha kitambaa, huku mumewe akiurudia mstari wa kwanza kumngojea. Kisha akaingia kwa chini.